Sentensi Iliyokatwa Nakapanya

Nakapanya,
6 Novemba 1994

Mwalimu wangu Lidwina,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa, maana siku niliyoondoka Songea ulikuwa unakohoa hadi kwenye ngazi. Sisi huku ni wazima, mimi, mke wangu Mwanaisha, mama mkwe wangu na shemeji yangu Swalehe, yule niliyekuambia anachimba mawe ya vito.

Mwalimu, kazi nimepata! Huku watu wamejaa kama siku ya mnada. Kila basi linashusha wageni, Waafrika kwa Waasia, wote wanatafuta mawe. Aliyeniajiri anatoka Sri Lanka, mzee mwenye miwani minene. Jina lake ni Wijesuriya. Watu wameshindwa, wanamwita Mzee Wije. Ananunua mawe, ila kwao alikuwa mchimbaji tangu ujana, kwa hiyo anazunguka mashimoni akiwashauri vijana. Yeye anasema kwa Kiingereza, mimi nawaambia kwa Kiswahili au Kiyao. Aliposoma barua yako ya sifa alinishika mkono hapohapo. Swalehe akapiga mluzi, akasema, "Leo shemeji yangu ni mzungu!"

Sasa nikuambie lisilosikiwa na mtu. Barua yako inasema nimemaliza kitabu chote cha Kiingereza. Mimi na wewe tunajua niliishia ukurasa wa thelathini na nane, kwenye sentensi fupi. Mzee Wije hana sentensi fupi. Anaanza hapa anaishia kule, katikati kuna vineno vinavyoshikamanisha, na mimi hapo napotea. Mpaka leo nakisia, na Mungu ananisitiri. Tafadhali niandikie masomo yaliyobaki. Usichelewe, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Daimu Bakili


Mfaranyaki, Songea,
17 Desemba 1994

Mwanangu Daimu,

Marahaba. Kifua ni kilekile, nimekizoea.

Nisamehe. Barua yako ilinifikia tarehe 15 ya mwezi uliopita, nikaiweka mezani nikisema nitajibu Jumapili. Ikafunikwa na madaftari ya mtihani wa kufunga mwaka. Halafu kuna watoto wa tuisheni. Tangu biashara zifunguliwe kwa wageni kila mzazi anataka mwanawe aongee Kiingereza kabla hajaota meno ya pili, na baraza langu halina tena pa kukanyaga. Hiyo si sababu. Ulisema usichelewe na mimi nimechelewa mwezi mzima.

Na ile barua ya sifa inanikera moyoni. Ulikuja na korosho na doti ya kanga, gari linakusubiri nje, nikaona haya kukuambia hapana. Nikaandika jambo ambalo si kweli. Basi tulirekebishe kwa kusoma.

Sentensi fupi inajitosheleza. "I am tired." Nimechoka, basi. "I will work." Nitafanya kazi, basi. Kila moja ina mtendaji wake na kitendo chake. Sasa unaziunga. Ukitumia "and" unaongeza tu, kama "na" yetu. Ukitumia "or" unamtaka mtu achague, hiki au kile. "So" inaleta matokeo: nimechoka, kwa hiyo nitalala.

Ya kuangalia ni "but". "I am tired, but I will work." Nimechoka, lakini nitafanya kazi. Umeona ilivyogeuka? Ukiishia "nimechoka", msikilizaji atakupelekea mkeka ulale, kumbe ulikuwa unaomba jembe. Mzee Wije akisema "but", usifungue kinywa. Ngoja amalize. Usipoelewa, mwambie arudie, hata mara tatu, hata mbele za watu.

Niandikie sentensi zako mwenyewe nizisahihishe. Bahasha hii nampa dereva Romanus, ila njia ya huko kwa mvua hizi anaijua Mungu.

Mwalimu wako,
Lidwina Mbawala


Nakapanya,
11 Januari 1995

Mwalimu,

Shikamoo. Barua imefika tarehe 4 mwezi huu, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nimeisoma mara nyingi.

Huku tumepata msiba. Shemeji yangu Swalehe alifariki tarehe 13 Desemba. Ukuta wa shimo ulimwangukia. Walimtoa baada ya saa nzima. Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Ni ajali ya kazi.

Sentensi zangu hizi hapa:

1. The rain came and the river is full. (Mvua ilikuja na mto umejaa.)

2. Mwanaisha cooks but she does not eat. (Mwanaisha anapika lakini hali.)

3. My mother-in-law asks me, so I go outside. (Mama mkwe ananiuliza, kwa hiyo natoka nje.)

4. You can dig here. You must wait.

Ya nne sikuiunga. Iunge wewe.

Nina swali pia. Mtu akisema kitu chenye "but" katikati, na mkalimani akatoa kile kipande cha mbele tu kwa sababu cha nyuma hakukielewa, je, huyo mkalimani amesema uongo? Au hajamaliza tu kusema? Nauliza kwa ajili ya masomo.

Daimu


Mfaranyaki, Songea,
29 Januari 1995

Mwanangu Daimu,

Pole sana. Mpe pole Mwanaisha na mama yake. Asubuhi nimemwombea Swalehe kanisani. Najua si dini yake, ila sikuwa na kingine cha kumpa.

Sentensi zako tatu ni sahihi, nimeziwekea vema. Ya nne inakuwa hivi: "You can dig here, but you must wait." Mnaweza kuchimba hapa, lakini lazima msubiri.

Kuhusu swali lako: sentensi yenye "but" haikatwi. Aliyeikata hajatafsiri. Kama ni uongo au siyo, hilo haliko kwenye sarufi.

Mzee Wije hajambo? Safari hii hukumtaja.

Mwalimu wako,
Lidwina


Mfaranyaki, Songea,
22 Februari 1995

Daimu,

Leo sikuanza kwa salamu na utajua kwa nini.

Wiki iliyopita nilifuatwa shuleni. Mahakamani kuna mgeni aliyeletwa kutoka Tunduru, ameshtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na hakuna wa kumtafsiria. Nikaenda. Nikaapa kutafsiri kwa ukweli. Akaletwa mzee mwenye miwani minene, imefungwa uzi upande mmoja. Sikuhitaji kuambiwa jina.

Akaulizwa, "Uliwaruhusu vijana wachimbe lile shimo?" Akajibu, nami nikatafsiri neno kwa neno: "Niliwaambia mnaweza kuchimba hapa, lakini si leo, ukuta umepasuka, kwa hiyo ngojeni mpaka uwekewe magogo." Mwendesha mashtaka akainua karatasi. Yalikuwa maelezo yako polisi. Akasoma: "Mzee alisema mnaweza kuchimba." Basi. Likafuata jina lako.

Yule mzee akasema, "Mkalimani wangu alinisikia. Mwulizeni Daimu." Alilitaja jina lako kama mtu anayemtaja mwanawe, Daimu. Hakuwa na hasira. Alidhani ukiulizwa tu yataisha.

Halafu hakimu akatoa barua yangu ya sifa, iliyokutwa kwa mzee. "Mwalimu, saini hii ni yako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Huyu kijana alimaliza mafunzo? Anaweza kuelewa sentensi kama hiyo?"

Niliona Kiingereza changu chote, watoto wa barazani, mwalimu mkuu, miaka ishirini na sita ya chaki, vyote vikiporomoka. Nikasema, "Ndiyo."

Hakimu akaandika. Kama mkalimani ni hodari, basi mgeni ndiye mwongo. Wakamrudisha mahabusu, hana dhamana kwa kuwa ni mtu wa nje. Alipopita karibu yangu alinishukuru kwa kumtafsiria vizuri.

Swali lako la Januari nililielewa, Daimu. Si lote, ila nilihisi kuna mtu ndani yake. Nikaona heri nisahihishe sarufi. Niambie siku ile ilikuwaje. Kesi imeahirishwa hadi tarehe 18 Mei.

Lidwina


Nakapanya,
14 Machi 1995

Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya mashine ya kusaga ili Mwanaisha asinione.

Ilikuwa Jumanne. Ilikuwa imenyesha siku tatu na siku hiyo kukakucha jua. Vijana saba walikuwa wamesimama juu ya shimo na machekeche yao, na Swalehe ndiye wa mbele. Mzee Wije alichuchumaa, akagusa ukuta, akasema, "You can dig here." Hiyo naijua, hiyo ni ya ukurasa wa kumi. Akaendelea. Nikasikia "but", nikasikia "wall", yaani ukuta, mengine yakapita. Wote walikuwa wananitazama mdomoni. Swalehe akasema, "Shemeji, anasemaje?" Nikasema, "Anasema mnaweza kuchimba."

Wakashangilia. Mzee Wije akaona wanachukua sururu, akanishika mkono kwa nguvu, akarudia yote kwa sauti kubwa. Hapo ningeweza kusema sijaelewa. Maneno mawili tu. Nikawageukia, nikasema, "Anawatakia heri."

Kwamba hilo la mwisho nililitunga, hakuna aliyejua mpaka wewe sasa.

Tukaondoka mimi na mzee kwenda shimo la pili, akiamini nimewaambia. Hatujafika, tukasikia kelele.

Polisi walipokuja, watu walikuwa wanampiga mzee mawe. Walikuwa wanasema, "Ni yeye alituruhusu!" Nilipoulizwa alisema nini, nilitoa kipande kilekile. Sikuongeza wala sikupunguza, nikajidanganya kwamba huo ni ukweli.

Mwalimu, mama mkwe wangu ananiita "mwanangu uliyebaki". Kila siku ananiuliza maneno ya mwisho ya Swalehe. Nikisema, nakosa nyumba, nakosa mke, na wale vijana sita waliobaki sijui watanifanya nini. Yule mzee ana ndugu zake wenye uwezo, watamtoa tu, atapanda ndege. Na wewe ulishasema ndiyo. Tukinyamaza wote wawili, hakuna anayeumia zaidi ya hapa.

Nakuomba uchane barua hii.

Daimu


Mfaranyaki, Songea,
20 Aprili 1995

Mwanangu,

Sikuichana. Nimeiweka ndani ya kitabu cha sala, na hakuna atakayeiona.

Unasema hakuna anayeumia zaidi. Nimempelekea mzee uji mara nne. Miguu imemvimba. Ndugu zake wenye uwezo hawajaonekana. Mara ya nne aliniuliza kama Daimu naye anaumwa, kwa sababu haji. Nilitoka pale nikashindwa kuvuka barabara.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda kwa hakimu. Nilimwambia kwamba kijana hakumaliza mafunzo, kwamba aliishia sentensi fupi, kwamba barua ile niliiandika kwa kuoneana haya na mahakamani nikaitetea kwa kuogopa aibu. Akaniambia niyaandike. Nikayaandika. Ukalimani nimeondolewa, na mwalimu mkuu amepata habari. Nangoja uamuzi wa shule. Barazani watoto walikuwa ishirini na wawili, jana walikuja watano. Mama mmoja alisimama getini akasema kwa sauti, "Tulikuwa tunalipia nini?"

Nimesema langu. Kuhusu lile ulilofanya siku ile sikusema hata neno, wala sitasema. Hakimu anajua hukujua Kiingereza vizuri. Hajui kwamba ulisikia "but", wala hajui ulisema nini aliporudia. Hilo ni lako, na mdomo wa kulisema ni wako.

Lakini usianzie kwa hakimu. Anzia nyumbani.

Mlango wangu hauna komeo mchana.

Lidwina


Nakapanya,
15 Mei 1995

Kwa Mwalimu Lidwina,

Shikamoo. Hunijui, mimi ni Mwanaisha, mke wa Daimu, dada wa marehemu Swalehe. Mwandiko wangu ni mbaya, nimeishia darasa la tano.

Ijumaa baada ya sala Daimu alitukalisha mimi na mama. Mama alikuwa anapepeta mchele. Daimu akasema, "Mama, mzee yule aliwakataza. Mimi ndiye sikusema." Mama akadhani hajasikia vizuri. Akasema, "Rudia." Akarudia, na lile la kuwatakia heri akalisema pia. Mama aliendelea kupepeta mpaka mchele wote ukamwagika chini, na ungo mtupu bado unapanda na kushuka.

Mimi nilimpiga. Nilimpiga na mwiko, na mikono, na kandambili. Hakujikinga. Mama akaniambia, "Mwache, utamuua, nitabaki na maiti mbili."

Miezi mitano, Mwalimu. Nimelala pembeni ya mtu anayejua. Nilikuwa namlilia yeye. Ananifuta machozi na mkono uleule alioshikwa na mzee.

Kesho anapanda basi kuja huko. Sikumfungia chakula. Nakuomba kitu kimoja. Akimaliza kusema huko mahakamani, niandikie wewe alichosema, chote, usipunguze cha kunihurumia. Habari za nusu nimeshazipata za kutosha.

Mwanaisha


Mfaranyaki, Songea,
19 Mei 1995

Mwanangu Mwanaisha,

Marahaba. Nakuandikia kama ulivyotaka.

Daimu alifika kwangu juzi, uso umevimba. Sikumuuliza, barua yako ilikuwa imekuja na basi hilohilo. Hakula.

Jana aliitwa. Alisimama, akashika ubao wa mbele yake. Hakimu akamwambia aongeze sauti. Alisema hivi: kwamba alisikia "but" na hakuelewa kilichofuata, kwamba aliwaambia vijana wachimbe, kwamba mzee alirudia kwa sauti kubwa. Niliogopa kwamba ataishia hapo. Hakimu akauliza, "Na aliporudia, ulisemaje?"

"Nilisema anawatakia heri."

Watu kwenye mabenchi waliguna. Hakimu akauliza, "Kwa nini hukusema hukuelewa?"

"Niliona aibu, Mheshimiwa. Shemeji yangu alikuwa anajivunia mimi."

Mkalimani mpya alikuwa anamnong'oneza mzee. Mzee akavua miwani. Akaomba kusema, akaruhusiwa, akamtazama Daimu peke yake. Alisema, "Nilikushika mkono. Ulinitazama ukatikisa kichwa kama aliyeelewa. Mimi nikaenda zangu. Ningeshuka mwenyewe nikawazuia. Nilikuamini wewe badala ya macho yangu." Daimu alimwomba radhi kwa Kiswahili. Mzee akatikisa mkono, sijui kama ni kukubali au kumwambia anyamaze.

Mzee ameachiwa. Alitoka bila kunipa mkono, na ni haki yake. Daimu ameamriwa aandike maelezo upya, na huenda akashtakiwa kwa kudanganya polisi. Mimi nimemdhamini. Wengine watasema mwongo kamdhamini mwongo. Waseme.

Mwanangu, nami nina deni kwako ambalo sijui nilipe na nini. Kama nisingeandika barua ile, Daimu angerudi kwenye kazi yake ya zamani ya utingo wa lori na kaka yako angekuwa hai. Kama ningejibu siku niliyopata barua yake, huenda pia. Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu ulisikie kutoka kwangu.

Daimu amekaa barazani, mahali walipokuwa wanakaa watoto. Haulizi kama anaweza kurudi. Kila basi likipita anainua kichwa. Nimwambie nini?

Lidwina Mbawala


Nakapanya,
3 Juni 1995

Mwalimu,

Shikamoo. Nimepata barua. Nimemsomea mama mara mbili.

Lile shimo bado liko wazi. Wachimbaji wamelihama, hakuna anayetaka kulisogelea, na mbuzi wa jirani ametumbukia wiki hii. Watoto wanapita pale wakienda shule. Mama anasema Daimu aje alifukie, peke yake, kwa koleo, mpaka liwe sawa na ardhi. Vijana wale sita wamesema hawatamgusa. Hawatamsaidia pia.

Itamchukua siku nyingi. Akilala, atalala msikitini. Akimaliza ndipo mama atasema kama ataingia ndani au la, na mimi sijui atasemaje, wala mimi mwenyewe sijui nataka asemeje.

Mwambie jua ni kali siku hizi. Maji ya kunywa nitampelekea mimi. Zaidi ya hayo usimwahidi kitu.

Mwanaisha